Tiki Moja ya Kijivu

Mchezo wetu ulikuwa umefika hatua ya 31 na zamu ilikuwa ya mwenzangu. Tulikuwa tunacheza sataranji ya polepole, ile ambayo kila mchezaji hupewa siku kadhaa za kufikiri kabla ya kusogeza kete, na katika mchezo huu tulikubaliana siku 14 kwa kila hatua. Hakuwahi kuzimaliza. Kwa miaka mitatu niliyocheza naye, majibu yake yaliingia baada ya saa nane usiku kwa saa zangu, mara nyingi usiku uleule, na ndiyo sababu watu wa kundi letu la mtandaoni walimbandika jina la Popo, nalo ndilo nitakalolitumia hapa. Siku ya tano nilidhani ameshikwa na hali ngumu ubaoni, na nakiri kwamba jambo hilo lilinifurahisha kidogo. Siku ya tisa niliutazama ubao upya nikaona kwamba upande wake haukuwa na ugumu wowote: farasi wake alihitaji hatua moja tu kuniharibia kila kitu, na mchezaji wa kiwango chake asingeweza kuikosa.

Kundi letu lina watu wapatao 60, na wengi wao hupotea mwezi mzima kisha wakarudi bila maelezo, wala hakuna anayewauliza. Ukimya wa mtu hupimwa kwa mazoea yake mwenyewe. Kuna mwenzetu mmoja ambaye akiandika mara mbili kwa wiki ndipo tunapoanza kuulizana kama yuko salama. Popo alikuwa kinyume chake. Kila Ijumaa alituma fumbo la sataranji, na chini yake maneno yaleyale: "Msikimbilie malkia." Ijumaa mbili zilipita bila fumbo. Wa kwanza kuuliza hakuwa mimi niliyekuwa nikisubiri hatua yake, bali dada mmoja ambaye nilidhani hayasomi kabisa mafumbo hayo.

Nilimwandikia Popo faraghani kwenye WhatsApp na ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu. Nimejifunza tangu wakati huo kwamba tiki hiyo husomwa kama ramli na watu wenye wasiwasi, ilhali maana yake ni finyu sana: ujumbe umeondoka kwangu na haujafika kwenye simu yake. Pengine simu imezimwa, pengine haina mtandao, pengine imeibwa, pengine yeye mwenyewe amenizuia nisimfikie. Tiki mbili zingeniambia kwamba simu imeupokea, si kwamba mtu ameusoma. Na hata zile za buluu, zilizoanza kutumika mwaka 2014, mtu anaweza kuziondoa akitaka. Tena, akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na kampuni za simu nazo huzigawa upya namba zilizolala, kiasi kwamba siku moja unaweza kuona tiki ya pili ikichomoza, moyo ukaruka, kisha picha ya wasifu ikakuonyesha mtu usiyemjua kabisa akiwa amebeba mtoto.

Tulipokutana wasimamizi watatu wa kundi, kwa sauti na si kwa maandishi, tulianza kuorodhesha tunayoyajua juu yake, na orodha ilitushangaza. Tulijua kwamba mama yake anaumwa macho na kwamba yeye ndiye humsomea. Tulijua kwamba huandika "ila" mahali ambapo wengine huandika "lakini", kwamba huwa hatumii alama ya mshangao, na kwamba huchukia kubadilishana malkia mapema. Kama mtu mwingine angeandika kwa akaunti yake, nadhani tungemgundua ndani ya sentensi mbili. Lakini jina lake kamili hatukulijua, wala anakoishi, wala hata mtu mmoja wa kumpigia simu. Hayo ndiyo mambo ya kwanza ambayo ofisi yoyote ingetuuliza.

Mmoja wetu alitaka tusambaze picha yake ya wasifu kila mahali, tukiwaomba watu waisambaze zaidi. Nilikataa, na tulibishana mpaka usiku wa manane. Hoja yake ilikuwa nzito: kila saa inayopita ni hasara, na aibu ya kumtangaza mtu mzima ambaye yuko salama ni ndogo kuliko majuto ya kunyamaza. Sikuwa na jibu la mkato. Nilimwambia tu kwamba sisi hatujui ametoweka kutoka kwa nani. Mtu anaweza kuwa ameondoka mtandaoni kwa sababu anamkimbia mume, ndugu, mdai au mtu anayemwinda, na tangazo letu lenye huruma tele likawa ndilo taa ya kummulikia njia yule anayekimbiwa. Anaweza pia kuwa amechoka nasi tu. Kuondoka bila kuaga si adabu nzuri, lakini si kosa linalomnyima mtu haki ya kutoandamwa.

Nilimkumbusha pia yaliyotokea Boston mwaka 2013. Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni, maelfu ya watu mtandaoni walijipa kazi ya upelelezi, wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametoweka mwezi mmoja kabla kwamba ndiye mhusika. Familia yake ilikuwa imefungua ukurasa wa kumtafuta. Ukurasa huo huo ukageuka mahali pa kuitukana. Kijana hakuhusika kwa lolote, na siku chache baadaye mwili wake ulipatikana mtoni. Watu wale hawakuanza kwa nia mbaya. Walikuwa wengi mno, hakuna aliyejua nani amethibitisha nini, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyehakikisha.

Basi tukakubaliana kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayepokea taarifa zote, na kura ikaniangukia mimi. Niliwaandikia mmojammoja wale waliowahi kuzungumza naye faraghani. Sikuwaomba wanipe walichoambiwa. Niliwauliza lini mara ya mwisho waliwasiliana naye, na kama lilikuwapo neno lolote la kukata tamaa. Swali hilo la pili ndilo lililokuwa la haraka. Kama mtu ameandika maneno yanayoashiria kwamba anataka kujidhuru, hakuna tena mjadala wa faragha: unawapigia watu wa huduma za dharura wa huko aliko, au polisi wako wawasiliane na wenzao. Imani kwamba ni lazima saa 24 zipite kabla ya kutoa taarifa ya mtu aliyepotea imeenea sana, na polisi wa nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, hulazimika kuikanusha tena na tena. Kwetu sisi hakuna aliyekuwa na maneno kama hayo. Mmoja tu alisema kwamba Popo alimwambia amechoka, na huchoka kila mtu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatuna cheo chochote katika maisha ya mtu huyu. Msalaba Mwekundu, ambao kamati yake ya kimataifa ilianza kazi ya kutafuta watu tangu vita ya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, huwaunganisha ndugu waliotenganishwa na vita, maafa au uhamaji. Jeshi la Wokovu nalo hutafuta jamaa kwa niaba ya jamaa. Sisi tulikuwa nani? Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika "tumecheza naye sataranji miaka mitatu". Nilimfikiria Mats Steen, kijana wa Norway aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25 kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli. Wazazi wake waliamini kwamba ameishi maisha ya upweke mbele ya kompyuta, mpaka baba yake alipotumia neno la siri aliloachiwa, akatangaza kifo hicho kwenye blogu ya mwanawe. Barua pepe zikaanza kumiminika kutoka kwa watu waliocheza naye World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni, kwa miaka, na baadhi yao wakafunga safari kuja mazikoni. Huwa tunaikumbuka habari hiyo kwa upande wa wazazi. Mimi nimekuwa nikiitazama kwa upande wa wale wachezaji: kama baba asingekuwa na lile neno la siri, wangeendelea kungoja mpaka lini?

Waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, ambao walikuwa na urafiki wa mbali kabla ya intaneti kuzaliwa, mwenzao akifariki humtaja kwa msemo wenye maana ya kitufe cha telegrafu kilichonyamaza. Ni msemo mzuri, ila ni wa aliyethibitishwa kufariki. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wamekwenda mbele kidogo kwa kuwa na kurasa mbili tofauti, moja ya wenzao waliofariki na nyingine ya wale walioacha kuonekana tu. Naona busara katika kuzitenganisha, kwa maana mwenzetu mmoja alikuwa tayari ameandika "pumzika kwa amani" kundini, tukalazimika kumwomba aifute. Kuomboleza mapema kuna hatari zake, na hata vifo huweza kutungwa: mwaka 2001 maelfu walimlilia mtandaoni binti aliyejulikana kwa jina la Kaycee Nicole, aliyesemekana kufa baada ya kuugua saratani ya damu, kisha wasomaji walewale wakachunguza na kubaini kwamba binti huyo hakuwahi kuwapo.

Kilichotusaidia kilikuwa faili. Miaka miwili nyuma Popo alitutumia mchezo aliocheza ana kwa ana, mezani, akijivunia jinsi alivyomtoa kafara farasi. Faili za michezo ya sataranji huandikwa kwa mtindo mmoja duniani kote tangu miaka ya 1990: kabla ya hatua zenyewe huwapo mistari saba, nayo hutaja mashindano, mahali, tarehe, raundi, mchezaji wa kete nyeupe, mchezaji wa kete nyeusi na matokeo. Sisi sote tuliuruka utangulizi huo, tukaenda kutazama kafara. Sasa niliufungua tena na jina lake lilikuwa pale, mstari wa tano, majina mawili kamili.

Ningependa kuandika kwamba sikulitafuta jina hilo popote. Nililitafuta mara moja, usiku, nikapata watu kadhaa wenye jina hilo, mmoja wao akiwa na picha ya harusi, nikajikuta naichunguza picha hiyo nikitafuta dalili za mtu anayechukia kubadilishana malkia. Nikaifunga. Nilijihisi kama mtu aliyeshikwa akichungulia dirishani.

Asubuhi yake niliwaandikia waandaaji wa mashindano yale. Sikuomba namba wala anwani yake, kwa kuwa wasingekuwa na haki ya kunipa hata kama wangetaka. Niliomba wamfikishie ujumbe, kama wangali wanayo njia ya kumpata, na ujumbe wenyewe niliuandika mara nne kabla ya kuridhika nao. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno "tuna wasiwasi mkubwa", nikayatoa, maana wasiwasi wetu haukuwa deni lake. Toleo la mwisho lilisema: "Sisi ni wenzako wa sataranji. Hatuombi maelezo. Kama uko salama, tutumie nukta moja tu kwa anwani hii. Kama hutaki tukutafute tena, nukta hiyohiyo inatosha." Walinijibu kwa sentensi moja kwamba wameupeleka.

Siku ya 14 ilifika, saa yake ikaisha, na mtandao tunaochezea ukanipa ushindi wenyewe, pamoja na pointi saba. Sijawahi kuona haya kwa pointi kiasi hicho.

Katika wiki zilizofuata tuliwaomba wanakundi, kila mmoja kwa hiari yake, wamteue mtu wa nyumbani ambaye angetuandikia mstari mmoja ikiwa jambo lingetokea. Baadhi ya huduma zinao mpango wa aina hiyo. Google, kwa mfano, tangu mwaka 2013 humruhusu mtu kuchagua hadi watu 10 watakaoarifiwa akaunti yake ikikaa kimya kwa kipindi alichokiweka mwenyewe, kuanzia miezi 3 hadi 18. Waliotuitikia ni wachache. Yule dada aliyekuwa wa kwanza kuuliza habari za Popo alikataa katakata, akasema alikuja kundini kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa nyumbani kwake. Sikumshawishi.

Siku ya 37 tangu hatua yake ya mwisho, barua pepe iliingia saa nane na dakika ishirini usiku, kutoka kwa anwani nisiyoijua. Haikuwa na salamu wala jina. Haikuwa hata na nukta niliyoiomba. Ilikuwa na hatua ya 31, farasi kwenda mraba wa e5, ile ile niliyoiogopa tangu siku ya tisa, na ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na sababu ya kunitumia.

Niliwaambia wenzangu wawili kwamba yuko hai, kisha kundini nikaandika kwamba tumepata habari zake na kwamba tusimtafute tena. Walitaka kujua zaidi. Sikuwa nacho zaidi. Nilikaa na ubao mpaka alfajiri nikitafuta jibu la farasi yule, nikapata jibu moja lisilo baya sana, nikalituma kwa anwani ileile bila neno lingine. Hajajibu bado. Safari hii hatukuwekeana siku.