Huna mabichi?

Homa ya Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, kisha ikazuka tena Biharamulo Januari 2025, hapa Igoma, Mwanza, tuliogopa kweli. Ndoo za maji na sabuni kila mlango. Popo, kwa kuwa ndio wanaobeba virusi vyake, wakawa maadui wa mtaa mzima. Simlaumu mtu, ugonjwa ule unaua. Lakini wateja wangu wa maziwa, walewale waliokuwa wanawarushia popo mawe kwenye miembe waliendelea kuniuliza kila asubuhi, "Mama Neema, huna mabichi?"

Mabichi sina. Nauza maziwa ya moto na mgando, na yote yamepita jikoni. Sababu ni shemeji yangu wa Misungwi.

Shemeji alianza na homa za jioni. Zinapanda, jasho linalowesha shuka, asubuhi anaamka anaenda machungani. Akameza dawa za malaria. Duka la dawa wakasema taifodi, akameza na hizo. Homa ikarudi, safari hii na magoti na kiuno, hadi kuchuchumaa akashindwa. Mama mkwe akaanza kuulizia waganga.

Aliyeng'amua ni afisa mifugo. Alikuja kuchanja ndama, akamkuta shemeji amejikunja kwenye mkeka uani, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Kuna ng'ombe wako ametupa mimba karibuni?" Wapo wawili. Mmoja wao kondo la nyuma liligoma kutoka, shemeji akalivuta kwa mikono mitupu, na kidoleni alikuwa na kidonda cha jembe. Akapelekwa kupimwa damu. Brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu.

Kidudu chenyewe hukaa kwenye kondo, kwenye majimaji ya uzazi na kwenye maziwa. Ng'ombe anayekibeba anaweza kuonekana mzima, ananenepa, anakamuliwa. Tiba ipo, ila ni wiki sita za doksisaiklini pamoja na dawa nyingine. Homa hukata mapema, na hapo ndipo wengi huacha vidonge, kisha inarudi. Mkewe alimsimamia kila dozi, bila aibu, hata mbele ya wageni.

Nilipoanza kusoma habari zake nilikutana na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce. Alikipata kidudu hicho kisiwani Malta mwaka 1887, kwa askari waliokufa kwa homa. Hadi 1905 ndipo ilipojulikana kuwa kilitoka kwenye maziwa ya mbuzi. Bruce huyohuyo, mwaka 1903, alikuwa Entebbe, kwenye ziwa letu hilihili, akihangaika na malale na mbung'o. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha, lakini lilinifurahisha.

Wabishi wakubwa ni wapenzi wa mgando. Wanasema uchachu unaua kila kitu. Uchachu wa siku mbili hauwezi kuaminiwa kwa brusela. Wanasema tena maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda! Chemsha mpaka yapande, acha yapoe yabaki vuguvugu, tia kijiko cha mgando wa jana, funika, usiyatikise. Kesho yake unakata kwa upawa. Kinachouma ni bei ya kuni tu.

Kuna mzee mmoja wa Kisesa, mteja wangu wa siku nyingi, analalamika kwamba mgando wangu unanuka moshi. Ni kweli, unanuka kidogo. Nimemwambia, baba, ninunulie mtungi wa gesi.