Usiku ule wa Barafu

Mama Neema ameanika lile hema la njano uani, maana stoo imevunda tangu masika. Nilipita karibu nikielekea bandani na harufu ikanisimamisha: turubai lenye unyevu, mafuta ya taa, na moshi wa jiko la mpishi ambaye sasa ana wajukuu. Nilibaki pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Wapagazi wenzangu wa enzi zile mtanielewa bila maelezo marefu.

Ilikuwa Agosti 2006. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro mnaijua, kwa hiyo sitawapandisha hatua kwa hatua. Tulitoka getini, msitu ukatulowanisha kama kawaida yake, tukalala Shira, tukapanda ule ukuta wa Barranco tukiwa na mizigo kichwani, tukashuka Karanga kuchota maji. Ukishaondoka Karanga hakuna tena pa kuchota. Kila tone la chai linalonywewa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, limefikishwa kule na shingo ya mtu, na mimi ndiye niliyebeba dumu siku ile, pamoja na hema.

Barafu iko juu ya meta 4,600, kwenye mgongo mwembamba wa mawe meusi yenye makali. Kigingi hakiingii pale. Ukikigonga kinapinda, na hata kikiingia kidogo, upepo wa kwanza unaking'oa. Kwa hiyo hema la Barafu hushikwa na mawe, na namna ya kulifunga kwenye mawe ndiyo kazi yenyewe.

Mjomba, yule wa Kibosho, alikuwa na utaratibu wake na hakuruhusu mtu auruke. Hakufunga kamba kwenye jiwe kubwa. Alitafuta jiwe dogo, la ukubwa wa ngumi mbili, akalizungushia kamba mara mbili kabla ya kulifunga, kisha akaliweka nyuma ya mawe makubwa na kupanga mengine juu yake. Kamba ikivutwa, jiwe dogo linajikaza dhidi ya yale makubwa. Hakuna anayelazimika kuinua jiwe zito ili apitishe kamba chini yake. Kwenye hema lenyewe alifunga lile fundo linaloteleza ukilisukuma kwa mkono lakini linashika kamba ikikazwa: mizunguko miwili kwa ndani, mmoja kwa nje. Kwa hilo aliweza kukaza au kulegeza hema zima bila kufungua kitu.

Tena kila alipomaliza fundo la mwisho hakuipitisha ncha ya kamba yote. Aliikunja kwanza, akapenyeza lile kunjo, ili mkia ubaki nje wa kuvutwa. Nilikuwa kijana mwenye haraka, nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Kesho asubuhi utaniambia wewe," akasema.

Saa sita usiku wageni waliondoka na viongozi wao kuelekea kileleni. Walikuwa mama mmoja na binti yake, mama akiwa na nywele nyeupe kabisa. Aliniwekea mkono begani kabla ya kuwasha tochi yake ya kichwani, na wala hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Tukaona taa zao zikipanda moja moja, kisha tukaingia hema la kulia chakula tulale.

Jambo hili watu wengi hawalifikirii. Hema lenye watu ndani ni zito, haliendi popote. Wageni wakishatoka linabaki kitambaa, fito na mifuko ya kulalia. Ni baada ya saa sita ndipo hema la Barafu linapokuwa hatarini.

Upepo ulikuja kama saa nane. Haukupanda polepole. Ulishuka kutoka juu kwenye barafu na kutupiga ubavuni, na sote tulikaa wima kwa pamoja. Nje nikasikia mlio mfupi, kavu. Mjomba alishavaa viatu kabla sijajua ni nini.

Kamba moja ya hema la wageni, ile ya upande wa juu, ilikuwa imesagwa na ukingo wa jiwe mpaka ikakatika. Kona ile ya hema ilikuwa imeinuka na kupiga chini, ikainuka tena, na kila ilipoinuka upepo uliingia chini ya sakafu na kulijaza hema zima. Nililirukia nikashika fito kwa mikono miwili. Nilihisi uzito wangu wote ukiinuliwa. Kilichobaki cha kamba kwenye hema hakikuzidi shubiri mbili, nailoni nyembamba iliyoganda kwa umande.

"Shika hapo, kijana. Usivute. Shika tu."

Mjomba alipiga magoti. Alivua glavu, akaziuma kwa meno ili zisipeperuke. Kiunoni alikuwa amejifunga ile kamba yake ya katani aliyofungia mzigo, nene kama kidole, na akaifungua. Nilidhani ataziunganisha kamba mbili kwa fundo letu la kila siku, lile la kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia. Lakini fundo lile halitaki kamba za unene tofauti. Likitikiswatikiswa, ile nyembamba hutambaa juu ya ile nene mpaka inachomoka.

Tochi yangu ilimulika mikono yake na hakuna kingine duniani nilichokiona. Aliikunja ncha ya katani, akalibana lile kunjo kwa kidole gumba. Akaichukua ile nailoni fupi, akaipenyeza kutoka chini ikatokea ndani ya kunjo. Akaizungusha nyuma ya shingo ya kamba nene, zote mbili kwa pamoja. Akairudisha mbele. Hapo vidole vilikataa. Niliviona vikisimama, vyeupe kwenye vifundo, vikitetemeka bila kushika kitu. Akavipeleka mdomoni kando ya zile glavu, akavipulizia, akarudi. Upepo ukanyanyua kona tena na nailoni ikamponyoka, akaanza upya tangu mwanzo, bila neno: kunja, penyeza, zungusha. Safari hii alipofika mbele aliikunja ile ncha nyembamba na kuisukuma chini ya nailoni yenyewe, bila kuirudisha ndani ya kunjo. Akavuta taratibu. Katani ikaibana nailoni, nailoni ikaikaba katani.

"Mjomba, vidole!"

"Nitavipasha baadaye. Achia polepole."

Niliachia. Kona ikakaa. Alikuwa tayari amelizungushia jiwe upande wa pili wa ile katani, na tukaongeza mawe juu yake mpaka nikashindwa kusimama kwa kuchoka. Kisha akayazunguka mahema yote, moja baada ya jingine, akigusa kila kamba.

Nilikaa nikimwaza yule mama mwenye nywele nyeupe. Mtu anayeshuka kutoka meta 5,895 anashuka na nguo zimelowa jasho, miguu haimbebi, na kitu pekee anachokitaka ni mahali pa kulala na kufunga zipu. Hakuna nyumba kule. Hema ndiyo nyumba.

Walirudi kama saa nne asubuhi, wote wawili, na mama akaingia ndani akalala bila kuvua koti. Hakujua lolote kuhusu ule usiku na hapakuwa na haja ajue.

Tulipofika kwenye kufungasha ndipo nilipopata jibu la swali langu. Kamba zote zilikuwa zimekakamaa kwa barafu. Kundi la jirani walikuwa wakikata zao kwa kisu, maana mafundo yaliganda yakawa donge. Mjomba aliniambia nivute mikia. Nikiwa na glavu mkononi nilivuta mkia mmoja, fundo likafumuka. Nikavuta wa pili, vivyo hivyo. Hata lile la usiku, lililobanwa na upepo ule wote, lilifunguka kwa mvuto mmoja, na kila kamba ikarudi kwa mwenyewe.

Kwenye kushuka kwa njia ya Mweka nilimuuliza alikojifunza kuunga kamba nene na nyembamba. Alinitazama kama niliyeuliza alikojifunza kula.

"Si ndivyo wanavyounga kamba ya majani? Kamuulize mama yako."

Nikamuuliza kweli. Nilimkuta ametoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe, umefungwa kwa kamba ya mgomba iliyoungwa kwenye kipande cha katani. Ilikuwa kunja, penyeza, zungusha, vilevile. Ila niliposogea karibu nikaona tofauti. Ncha fupi ya katani na ncha fupi ya mgomba zilikuwa zimetokea pande mbili tofauti. Nilipojaribu mwenyewe kwa nailoni, na ncha zikiwa pande tofauti, fundo lilishika lakini nikilitikisa sana lilianza kutambaa. Zikitokea upande mmoja lilitulia.

Mama aliniambia kamba ya mgomba ina ukwaru wake, inashika hivyo au vile, na huo mzigo alikuwa ameubeba kutoka mbali haujafunguka. Siwezi kumbishia.

Swali lililobaki ni la Mjomba. Usiku ule niliona kila kitu isipokuwa hilo, ncha zilitokea upande gani. Asubuhi mimi ndiye niliyevuta mkia, na fundo likafumuka kabla sijalitazama. Mjomba ametangulia, miaka imepita sasa. Vijana wanaokuja hapa nyumbani kabla ya kwenda mlimani huwa nawafunza ncha zote upande mmoja, maana ndivyo nilivyojaribu na ndivyo ninavyoweza kuwahakikishia. Lakini kama yeye alifunga kama mama, kwa nailoni iliyoganda, na ikashika mpaka asubuhi, basi kuna kitu katika mikono ile ambacho siwafundishi, kwa sababu sikijui.