Mawe 7,000 hadi Fulton

Treni haifiki Fulton, mji wa Missouri, Marekani, wenye makumbusho ya Winston Churchill. Kituo cha karibu kiko Jefferson City, kilomita kama 40 kusini, kwa hiyo nilikodi gari uwanja wa ndege wa St. Louis na kushika barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, mashamba ya mahindi na soya kushoto kulia, mpaka Kingdom City. Hapo unachepuka kusini kwa barabara ya 54, na robo saa haiishi uko mjini.

Winston Churchill alifuata nini huku? Chuo cha Westminster kilimwalika kuhutubia, na Rais Truman, mtoto wa jimbo hili la Missouri, akaongeza kwa mkono wake maneno machache kwenye barua akimsihi akubali. Wengi hudhani alikuja akiwa waziri mkuu wa Uingereza. La, alishashindwa uchaguzi Julai 1945. Tarehe 5 Machi 1946 alisimama katika jimu ya chuo akasema pazia la chuma, yaani mpaka kati ya nchi zilizo chini ya Wasovieti na za magharibi, limeshuka kukatiza Ulaya, kutoka bandari ya Stettin kaskazini hadi ya Trieste kusini. Jimu ile bado ipo.

Makumbusho yenyewe yako chini ya kanisa, na wageni wengi hukimbilia ngazi za kushuka. Ushauri wangu: baki juu kwanza, maana kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyohifadhiwa hapa ni hilo jengo.

Ni kanisa la St Mary Aldermanbury, lililojengwa upya London na msanifu majengo Christopher Wren baada ya moto mkubwa wa 1666. Usiku wa 29 Desemba 1940 mabomu ya moto ya Wajerumani yaliliunguza, zikabaki kuta na mnara. Likakaa gofu kwa zaidi ya miaka 20, mpaka chuo kilipoamua kulihamishia Fulton liwe kumbukumbu ya Churchill na hotuba yake. Mwaka 1965 mafundi walianza kulibomoa jiwe kwa jiwe: kila moja likasafishwa, likatiwa namba, kisha yote yakapakiwa melini kama farumi. Hesabu nzuri hiyo. Meli inahitaji uzito wa kuituliza kwa vyovyote vile, na hapa palikuwa na tani karibu 700 zinazotafuta usafiri. Huku Marekani yakapanda reli.

Kasoro ilitokea njiani. Mawe yalifika yamechanganyika, na namba hainufaishi kitu kama jiwe linalofuata limelaliwa na mengine mia. Waashi wakabaki na fumbo la vipande 7,000. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 1966, miaka 300 baada ya moto ule wa kwanza, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 7 Mei 1969.

Ukiingia, usidanganyike na mbao. Mimbari, viti na michongo yote ni mipya, kwani moto haukusaza ubao. Cha Wren ni mawe na ramani ya jengo, ila waliongeza vitu vichache kama roshani ya kinanda. Vioo havina rangi, kwa hiyo nenda mchana jua likiwaka, uone nguzo zenye vichwa vya majani zikimulikwa. Aliyewahi kupita mtaa wa Aldermanbury kule London atakuwa ameona bustani palipokuwa kanisa. Alama za kuta bado ziko chini.

Tenga saa mbili au tatu, halafu utoke nje. Pale kuna vipande vinane vya Ukuta wa Berlin, kimo mita tatu na ushee. Edwina Sandys, mjukuu wa Churchill, alitoboa humo maumbo mawili, la mwanamume na la mwanamke, na mtu mzima anapita bila kuinama. Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, alihutubia mbele ya vipande hivyo Mei 1992. Zege lililokatwa halikutupwa: watu wale wawili wamesimama Hyde Park, New York, kwenye maktaba ya Rais Franklin Roosevelt.