Mahali pa kilele na kimo chake

Leo nimeshinda nikichambua mchoro mmoja wa ukinzani wa umeme wa κ-(BEDT-TTF)2Cu(NCS)2, superkondakta ya oganiki iliyotangazwa Japani mwaka 1988, ambayo hupoteza ukinzani wake wote ikipoozwa chini ya kelvini 10 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa). Fuwele yenyewe ni kibamba cheusi king'aacho cha takriban milimita moja, na waya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zimegandishwa juu yake kwa rojo ya kaboni. Matabaka ya molekuli yanayopitisha umeme yametenganishwa na matabaka ya ioni hasi, kwa hiyo elektroni hukimbia kwa wepesi ndani ya tabaka lake lakini huvuka kwa taabu kwenda la jirani.

Fuwele kama hii ikizungushwa ndani ya uga sumaku wenye nguvu, ukinzani wa kuvuka matabaka hupanda na kushuka kadiri pembe inavyobadilika. Mwanafizikia Yamaji alieleza sababu mwaka 1989: katika pembe fulani, elektroni inayozunguka kwenye uso wa Fermi, yaani mpaka wa kimawazo kati ya hali za mwendo zilizojaa elektroni na zilizo tupu, ambao hapa ni silinda yenye mawimbi madogo, huwa na wastani wa kasi ya kuvuka ulio sawa na sifuri, na hapo ukinzani hufikia kilele.

Ninachokipenda mno ni kwamba mahali pa vilele hivyo hapahami uga ukiongezwa, kwa kuwa panatokana na umbo la uso wa Fermi peke yake. Kimo ndicho hubadilika. Elektroni ikipotoshwa njiani na dosari ya fuwele, na mitetemo ya molekuli au na elektroni nyingine kabla haijapiga sehemu kubwa ya mzunguko wake, kilele hufifia. Hivyo mchoro uleule hunipa kwa pamoja umbo la uso wa Fermi na muda wa mtawanyo, yaani muda ambao elektroni husafiri kabla ya kupotoshwa.

Kilichonishughulisha hadi jioni ni kilele chembamba kinachotokea uga ukilala sambamba na matabaka. Upana wake huonyesha kuwa nishati ya kuvuka kutoka tabaka moja hadi jingine ni takriban milielektroni-volti 0.04 (kipimo kidogo mno cha nishati), sawa na joto la nusu kelvini tu, na bado kilele huonekana kwenye kelvini 15. Wengi wangetarajia joto kubwa kiasi hicho livuruge kabisa uvukaji wenye mpangilio. Nadhani joto hutandaza tu nishati za elektroni, ilhali kinachokata njia yao ni mtawanyo, na muda wake ukiwa mrefu wa kutosha, elektroni huendelea kuufuata uso wa Fermi kutoka tabaka hadi tabaka.