Usiku Chausiku alipokwaruza mlango

Mafuriko ya Desemba 2011 yalitukuta Jangwani, Dar es Salaam, nlikuwa na miaka 14. Mvua ilianza Jumanne tarehe 20 na wala hatukushtuka kivile, sie watu wa bondeni maji tumeyazoea, yanaingia yanatoka mnadeki maisha yanaendelea, ila yale hayakuwa ya kudeki. Tulipanda juu ya bati la jirani, mama kamfunga mdogo wangu mgongoni kwa kanga, chini yetu mto Msimbazi unapita na magodoro na masufuria ya watu. Nyumba ya pili alikuwa anaishi mzee wetu mmoja muuza kahawa, peke yake. Tulimsikia anagonga mlango kwa ndani, maji yameubana haufunguki, anaita jamani mlango, jamani mlango. Baba alijaribu kwenda mara mbili akarudishwa na maji. Halafu kugonga kukakoma.

Mi sikulia. Watu wakawa wanasema huyu mtoto jasiri.

Tukahamia kwa shangazi Mbagala, baba akawa anashinda njiani kufuatilia habari za viwanja vya Mabwepande walikokuwa wanapelekwa watu wa mabondeni. Mchana nko vizuri tu, naosha vyombo, nachota maji. Shida usiku. Kila nikilala nasikia kugonga, nakwenda mlangoni nakuta hauna kitasa wala komeo, napapasa ubao kwa mikono miwili na maji yanapanda, magotini, kifuani, na yule mzee bado anaita. Naamka nimelowa jasho siwezi hata kuinua mkono, jinamizi limenikalia. Nlikuwa naweweseka mpaka mdogo wangu akakataa kulala na mimi, nikabaki peke yangu kwenye kile chumba cha uani.

Sasa shangazi alikuwa na paka jike mweusi tii, sikio la kushoto limechanika ncha, jina lake Chausiku. Shangazi ni fundi cherehani na alimfuga kwa ajili ya panya waliokuwa wanamtafunia vitambaa vya wateja. Mama hakumtaka hata kidogo, yeye alishaamini kwamba nawangiwa na paka mweusi mle ndani ndo anazidisha, akaomba usiku asiingie chumbani kwangu. Shangazi alimjibu taratibu tu, wifi, paka si najisi, Mtume kasema hao ni katika wanaotuzunguka. Lakini kwa kumstahi mgeni wake akakubali. Ikawa kila baada ya isha mama anamtoa Chausiku, ananiambia nifunge komeo.

Usiku ninaousema ulikuwa wa Januari, shule bado hazijafunguliwa. Mvua ikaanza kupiga bati kama saa nane hivi na mi tayari nko ndotoni, mlango ule ule. Ila safari hii hakuna kugonga, kuna kukwaruza, kwaru kwaru kwaru, chini kabisa ya ubao, halafu kilio chembamba. Nikafumbua macho na ile sauti haikukoma! Jamani nko macho na bado kuna anayetaka afunguliwe. Hata juu ya bati sikuogopa vile. Umeme umekatika, kiza totoro, mwili hautaki. Kwaru kwaru. Nikajisukuma nikadondoka chini, nikatambaa, nikapapasa vile vile kama ndotoni, ubao, ubao, ubao, halafu komeo. Chuma cha baridi. Nikavuta, mlango ukafunguka.

Chausiku akaingia amelowa, akajisugua kwenye magoti yangu, na mi hapo hapo kizingitini nikaanza kulia, kilio cha toka Jangwani, kinatoka hakiishi. Akanipandia mapajani akawa ananikanda, mguu huu, mguu huu, kama mtu anakanda unga wa chapati, kucha zinapenya kanga, halafu akaninyooshea shingo akanilamba shavuni palipokuwa na machozi, ule ulimi kama msasa, akaanza kukoroma. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba paka anakoroma akivuta pumzi na akitoa pia, ndo maana mkoromo wake unasikika haukatiki, na kwamba si raha tu, hata akiwa na hofu au maumivu anakoroma. Pengine wote wawili tulikuwa tunaogopa mvua ile ile. Nlimlaza kifuani pale pale jinamizi lilipokuwa linakaa, ana joto, mzito kidogo, nasikia ule mtetemo unaingia mpaka kwenye mbavu, kama cherehani ya shangazi ukiegemea meza yake akiwa anashona.

Mama alikuja kuniamsha alfajiri akatukuta chini sakafuni, mlango wazi. Nikajua sasa atamfukuza. Kabla hajasema kitu nikamwambia, mama, yule mzee, nlimsikia mpaka mwisho. Nlikuwa sijawahi kumtaja. Mama akakaa chini na kanga yake ya kuswalia, akasema hata mimi mwanangu, hata mimi. Chausiku hakusogea, alifumbua jicho moja akalifumba.

Usiku uliofuata baada ya isha nikasimama kufunga komeo kama kawaida. Mama akanambia acha. Akavua ndala yake moja akaibana kwenye mlango, akaacha nafasi ya paka kupita.