Dua mbili kwenye simu moja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya subira, lakini nitakuwa muongo. Jumanne mwanangu alinipigia kutoka Beni, Kivu ya Kaskazini, kule Kongo, alikopelekwa na kikosi chake kulinda amani. Kambi yao ipo jirani na uwanja wa ndege wa Mavivi. Sisi huku Wete tushaswali Isha, wao saa zao zipo nyuma, ndiyo kwanza wametoka kwenye Magharibi. Helikopta inanguruma, nusu ya maneno inapotea.

"Shikamoo baba. Nina lindo saa sita usiku, nikaona nikusikie kwanza."

"Marahaba. Zile pesa za bati vipi?"

Tukazungumza bati, misumari na fundi mpaka salio likakatika. Nikarudi ukumbini kuchambua karafuu. Mama yake akauliza, "Kesha kula?" Sijui. "Sauti yake nzima?" Sijui. Nikainamia vikonyo vyangu, uso sina pa kuuweka.

Mtume (s.a.w.) katufundisha dua tatu zisizo shaka kujibiwa: ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Basi angalieni: msafiri upande ule, mzazi upande huu, dua mbili zimekutana kwenye simu moja, na sisi tunahesabu misumari!

Wazee wenzangu, tuambizane. Kijana akishavaa magwanda tunamfanya mfereji, kila mtu anakuja na ndoo yake. Huyu ada ya skuli, yule harusi, mwengine (mimi huyo) bati. Tumesahau Disemba 2017, walipouawa askari wetu 14 kule Semuliki, Kivu hiyohiyo ya Kaskazini? Wiki ile nani aliuliza posho? Tulikuwa tunaomba tusikie sauti tu. Leo sauti tunayo, tunaifanyia hesabu. Na jicho linalokesha kulinda katika njia ya Allah tunajua limeahidiwa kutoguswa na Moto; sisi hatuliulizi hata kama limelala.

Subira nitaiandika wiki nyengine, inshaallah.

Jana nikampigia mwenyewe. Nikamuuliza wamekula nini. Wali na maharage. Nguo anafua saa ngapi? Usingizi unatosha? Akajibu, akajibu, kisha akanyamaza.

"Baba," akasema taratibu, "kwani huko kuna msiba?"