Nilivyoingiza mchoro wa boti kwenye FREE!ship bila kufuatisha picha

Watu wengi wakipata mchoro wa boti wa zamani wanaskani, wanaweka picha nyuma kwenye programu ya kuchora boti kama FREE!ship, halafu wanaanza kufuatisha na mausi. Mi nilikuwa na mchoro wa boti ya uvuvi yenye chini ya umbo la V, aina ile FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) walikuwa wanatoa miaka ya 1970, ila nakala yangu ni fotokopi ya fotokopi. Nikaweka rula, skeli ya urefu na skeli ya kimo hazilingani, karatasi imeshavutika. Ukifuatisha hiyo unapata boti nyingine kabisa.

Kwahiyo nikahamia kwenye jedwali la ofuseti. Pale kila stesheni (sehemu boti inapokatwa kimchoro kwa upana) ina nusu upana na kimo kutoka mstari wa msingi, kwa milimita, na raha ya boti ya V ni kwamba mistari ya kushika ni mitatu tu, mkuku, kona ambapo ubavu unakutana na chini, na ukingo wa juu. Nikaingiza Excel, nikagawa kwa 1000 ziwe mita, nikapanga x y z (x urefu, y nusu upana, z kimo), mstari mmoja ukiisha unaacha nafasi unaanza mwingine, nikaseivu kama teksti. FREE!ship inasoma faili kama hiyo na inajenga ubavu mmoja tu, wa pili inaakisi yenyewe, so usihangaike na pande zote mbili.

Shida ipo kwenye tarakimu zilizofifia bana. Upana wa kona stesheni moja ulikuwa unasomeka 838 au 888, wino umevimba. Jirani zake ni 871 na 893. Nikaweka 838, ukiangalia kwa juu mstari umebonyea kama umegongwa, nikaweka 888 ukanyooka safi. Hapo huhitaji kubishana na karatasi.

Omo (mbele ya boti) na shetri (nyuma) ndo zinakula muda. Shetri imelala kwa nyuma, yani x ya juu sio sawa na x ya chini, na jedwali halikuambii hilo, hapo ndo nikarudi kwenye picha nikasoma kwa rula, nikirekebisha skeli ya kila upande kivyake.

Kama unajengea plaiwudi usiishie hapo, washa ile rangi ya programu ya kuangalia kama bati (yani kipande cha plaiwudi cha ubavu au chini) linakunjika bila kuvutwa. Kijani sawa, nyekundu plaiwudi itagoma. Yangu ilikuwa nyekundu karibu na omo, nikasogeza pointi za kona kidogo kidogo mpaka ikapungua. Mwisho nikalinganisha uzito wa maji yanayosukumwa na ule ulioandikwa kwenye mchoro, hakikisha umeweka uzito wa maji ya bahari, tani 1.025 kwa mita ya ujazo, sio 1.000 ya maji baridi, tofauti ikabaki ndogo tu, ndo nikatoa mabati yaliyokunjuliwa yakawa bapa kwa DXF (faili ya michoro) nikampelekea fundi.